SAHANI YA MOTO, KITIMOTO NA ULIMI WA MUISLAMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika imani, wa hapa Mbinga mjini, wa kule chini ziwani Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, na nyote mnaofuatilia darsa zetu mkiwa mbali na nyumbani.

Wiki hii nimetumiwa ujumbe mmoja wa sauti mara kumi na moja. Nimehesabu. Msemaji hajitaji jina lake. Anasema ule mgahawa mpya uliofunguliwa hapa mjini, ule wa nyama zinazoletwa mezani zikitoa moshi, unawalisha Waislamu nguruwe kwa siri. Kisha anamalizia kwa kusema kwamba Muislamu mwenye uchungu na dini yake anajua la kufanya. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika usiku huu baada ya Isha, nisisubiri khutba ya Ijumaa.

Mimi mwenyewe nimekula katika mgahawa ule. Sikujificha. Ilikuwa Jumamosi jioni, kofia yangu kichwani na mke wangu pembeni yangu. Kwa hiyo ninalo la kusema kama shahidi, na ninalo la kusema kama mwalimu. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kuandika chochote hapo chini.

Tuanze na chakula chenyewe, maana wapo wanaokilaani na wapo wanaokisifu, na wote hawajakiona. Watu wanakiita sizila. Ni sahani nzito ya chuma iliyokaa juu ya kibao cha mbao. Mpishi anaiweka sahani hiyo juu ya moto mpaka inapata joto kali, anatandika majani ya kabichi, juu yake anapanga nyama, kuku au samaki aliyekwisha kupikwa, pamoja na viazi, karoti na pilipili hoho. Mwisho kabisa, anapokaribia kutoka jikoni, anamwagia siagi au mchuzi. Ule mchuzi ukigusa chuma unageuka mvuke papo hapo. Ndiyo unasikia chwaaa, na moshi unapanda mpaka watu wa meza nyingine wanageuka kutazama. Basi jueni kwamba kinacholia pale si nyama. Nyama ilishaiva zamani. Kinacholia ni kile kilichomwagwa juu yake dakika ya mwisho. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Chakula hiki Wahindi wamekipenda sana, na kwa ukanda wetu huu kimezoeleka katika miji mikubwa, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Kimefikaje huku milimani Umatengoni? Kimekuja na lami. Barabara ya lami imetoka Songea mpaka hapa, kisha imeteremka mpaka Mbamba Bay, kama kilomita 66 hivi. Wanapita madereva wa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, wanakuja wanunuzi wa kahawa wakati wa msimu, wanashuka wageni wanaokwenda ziwani. Mji ukikua, na vyakula vya mji vinakuja. Wala si vibaya. Muislamu haogopi kitu kwa sababu ni kipya. Asili ya vyakula ni uhalali mpaka upatikane ushahidi wa kuharamisha, na hiyo ni kanuni ya wanazuoni wetu.

Sasa nilifikaje pale? Jirani yangu ni Mkatoliki, mkulima wa kahawa. Mashamba yetu yamepakana kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikifiwa, yeye ndiye wa kwanza kuleta kuni. Akifiwa, mimi nasimama na watu wake mpaka mwisho. Mwaka huu binti yake amepata ajira ya ualimu, furaha ikamzidi, akaja mpaka barazani kwangu. Akasema, "Shehe, Jumamosi twende tukale ile nyama ya moshi. Wewe ni mgeni wangu, usishike mfuko."

Nikamuuliza, "Na mama watoto?"

Akacheka. "Mimi nilidhani tunakwenda wanaume."

Ndugu zangu, swali lile sikulitoa kichwani mwangu. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume wetu (S.A.W) alikuwa na jirani Mfursi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Siku moja akapika, akaja kumwalika Mtume. Bibi Aisha alikuwapo. Mtume akamuuliza yule jirani kama mwaliko ule unamhusu na Aisha. Akasema hapana. Mtume naye akakataa. Akarudi mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu jirani akakubali, ndipo Mtume na mkewe wakaondoka pamoja kwenda kula.

Haya, tujipime. Ni wangapi kati yetu tunajua kila banda la nyama choma kuanzia stendi mpaka sokoni, tunawajua wachomaji kwa majina, na wake zetu hawajawahi kukaa pale hata siku moja? Mwanaume amekula nusu kilo na rafiki zake, anarudi nyumbani ananukia moshi, anamkuta mkewe na watoto wanamalizia ugali na maharage, kisha anasema hana njaa. Halafu huyo huyo ndiye wa kwanza kupaza sauti kuhusu heshima ya mwanamke katika Uislamu. Kama mfuko unaruhusu watu wawili, mmoja wao awe mkeo. Kama unaruhusu mtu mmoja tu, basi nunua nyama upeleke nyumbani mkale wote.

Jirani yangu akakubali, naye akamchukua mkewe. Tukawa wanne.

Mhudumu, binti mwenye adabu, alituletea menyu. Nikaisoma kutoka juu mpaka chini kama ninavyosoma hati ya kiwanja. Sizila ya ng'ombe, sizila ya kuku, sizila ya samaki, na mstari wa nne, kwa herufi kubwa zilezile, kitimoto. Haukufichwa wala haukuandikwa kwa mafumbo. Nanyi mnajua hapa petu ni wapi. Hapa ni Jimbo la Wakatoliki, majirani zetu wengi wanafuga nguruwe, na kwao ni chakula cha sherehe. Anayetafuta Mbinga isiyo na nguruwe hataipata.

Nikamwambia, "Binti yangu, kama mpishi ana nafasi naomba aje tuzungumze."

Akatoka kijana, jasho linamtiririka, akasema, "Shikamoo shehe."

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi. Nina maswali manne, na kwa jibu lolote utakalonipa sitakasirika. Nataka ukweli tu."

La kwanza nikauliza nani amechinja. Akasema ng'ombe wananunua bucha la sokoni, na mchinjaji ni Muislamu anayejulikana. Kuku wanachinja wenyewe hapo nyuma ya jiko, kijana yeyote aliye karibu.

La pili nikauliza vyombo. Sahani hizi za chuma, za kitimoto ni zake peke yake au ni zilezile? Akanyamaza kidogo, akamtazama mwenye mgahawa aliyekuwa amesimama kaunta. Kisha akasema, "Shehe, ni zilezile. Na hatuziloweki wala kuzisugua kwa sabuni, zinashika kutu. Tunafuta kwa kitambaa, tunapaka mafuta."

La tatu, mafuta ya kukaangia chipsi. Akasema siku wateja wakiwa wengi karai ni moja, chipsi zinaingia, kitimoto inaingia.

La nne, kuna pombe yoyote inayotiwa kwenye mchuzi wa kumwagia? Akasema hapana, ni siagi, kitunguu saumu na sosi ya soya.

Kijana yule angeweza kunidanganya. Bosi wake alikuwa anamtazama, na Jumamosi ni siku ya biashara. Alisema kweli. Nikamwambia, "Allah akubariki mwanangu, umeniokoa." Kisha nikamwomba atupikie magege, maana walikuwa wamepanda asubuhi ile kutoka Mbamba Bay. Akawapika katika sufuria ambayo kazi yake ni wali tu, kwa nyanya, kitunguu na ndimu, kisu na kibao akaviosha mbele ya macho yetu, akatuletea kwa ugali kwenye sahani za kawaida za udongo. Hakukuwa na chwaaa wala moshi. Lakini wallahi walikuwa magege watamu.

Jirani yangu mwanzoni alikuwa ameona aibu, anadhani amenileta mahali pa kunivunjia heshima. Akaniambia, "Shehe, kumbe hata sahani ina dini?"

Nikamjibu, "Sahani haina dini. Mimi ninayo, na wewe unayo." Tukacheka, yeye akala sizila yake ya ng'ombe, mimi na mke wangu tukala samaki wetu. Na jirani yangu huyu, ambaye siku nyingine jioni huwa anaagiza bia yake, siku ile aliagiza soda, wala hakuna aliyemwambia. Heshima inazaa heshima.

Sasa tuingie katika elimu, maana nimeulizwa hukumu na sitaki kuwajibu kwa hadithi za chakula tu.

Kuhusu vyombo, swali hili si jipya. Swahaba Abu Tha'laba Al-Khushani (Allah amridhie) alimwambia Mtume (S.A.W) kwamba wao wanaishi katika ardhi ya watu wa Kitabu, je, wale katika vyombo vyao? Katika mapokezi ya Abu Daud akaeleza wazi kwamba watu hao wanapika nguruwe katika vyungu vyao na wanakunywa pombe katika vyombo vyao. Mtume akamwelekeza kwamba wakipata vyombo vingine watumie hivyo vingine, na wasipopata basi wavioshe kwa maji, kisha wale na wanywe. Asili ya hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Utafikiri Abu Tha'laba alikuwa anaishi Mbinga. Na tazameni jibu alilopewa. Hakuambiwa ahame, hakuambiwa akavunje vyungu vya watu, wala hakuambiwa afumbe macho ale tu. Aliambiwa atafute chombo kingine, na akikosa, aoshe.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii kauli mashuhuri ni kwamba najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kwa kuifananisha na mbwa. Imam Nawawi, naye ni katika vigogo wa madhehebu, akaona kwa upande wa dalili kuosha mara moja kunatosha. Lakini enyi ndugu zangu, kwa kauli nzito na kwa kauli nyepesi, kufuta kwa kitambaa chenye mafuta si kuosha. Kwa hiyo sahani zile za chuma kwa hali niliyoikuta, na chipsi za karai lile, Muislamu asile. Na hata samaki, ambaye yeye mwenyewe hahitaji kuchinjwa, akipangwa juu ya sahani ile amekwisha kuharibiwa na chombo.

Kuhusu nyama, aliyechinjiwa na Muislamu bucha la sokoni tusimtilie wasiwasi. Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha kwamba watu walimwambia Mtume kuwa wanaletewa nyama na watu walioingia Uislamu karibuni, hawajui kama walitaja jina la Allah au la. Akawaelekeza wao wenyewe walitaje jina la Allah na wale. Ama yule kuku wa nyuma ya jiko, najua Suratul Maida imetuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, na najua maneno marefu ya mashehe kuhusu masharti yake. Ushauri wangu kwa mji kama huu, ambao mchinjaji Muislamu yupo hatua chache, ni kuacha chenye shaka na kuchukua kisicho na shaka. Ndivyo Mtume alivyomfundisha mjukuu wake Hasan.

Kuhusu pombe, imepokewa na Tirmidhi kwamba anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza ambayo pombe inazungushwa. Kwa hiyo meza yako iwe safi. Na kama mahali penyewe ni baa iliyoweka sahani za chuma ili ionekane mgahawa, usiende. Nyumbani kwako kuna meza.

Hiyo ndiyo hukumu. Sasa turudi kwenye ule ujumbe wa sauti.

Msemaji amesema kwa siri. Mimi nimeona kwenye menyu kwa herufi kubwa. Amesema wanawalisha Waislamu. Mimi nimemuuliza mpishi mbele ya mashahidi watatu akanieleza ukweli uliokuwa dhidi ya biashara yake. Ni kweli kwamba vyombo havitenganishwi. Ni uongo kwamba wanatudanganya. Mambo hayo mawili hayafanani kabisa. La kwanza linatutaka tusile. La pili lingetutaka tushitaki. Na yule ndugu, badala ya kuuliza, amechukua kipande cha ukweli akamwagia mchuzi wake juu. Niliwaambia mlikumbuke hili. Kinacholia katika ujumbe ule ni kile kilichomwagwa dakika ya mwisho.

Katika Suratul Hujurat aya ya 6 Allah ametuamuru tukiletewa habari na mtu fasiki tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Na huyu wa sauti hatujui hata jina lake.

Na tazameni maajabu ya Suratul Maida, sura ambayo jina lake lenyewe ni meza ya chakula. Katika aya ya 3 Allah ameharamisha nguruwe. Katika aya ya 5 amehalalisha chakula cha watu wa Kitabu. Kisha aya ya 8, mistari michache tu baadaye, anatuamuru tusimame kwa uadilifu, na kutuchukia watu kusitufanye tuache kuwatendea haki. Zote ziko meza moja! Leo kuna Muislamu ameishika aya ya 3 kwa meno, na ya 8 ameitema. Anaogopa tone la mafuta ya nguruwe lisiingie tumboni, lakini haogopi jina la mtu lisitoke mdomoni mwake kwa dhuluma.

Msione kama nakuza mambo. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani mwenye haki ya kuchinja ulifika mahali watu wakashika silaha, na mchungaji mmoja akauawa. Mzozo ulianzia kwenye nyama, ukaishia kwenye roho ya mtu. Waislamu wa kule hawakupata halali zaidi baada ya siku ile, na Wakristo hawakupata haki zaidi. Kilichobaki ni mjane, hofu, na majirani wasiotazamana.

Jana baada ya Magharibi vijana watatu wa msikitini walinifuata. Wamesikia ule ujumbe, damu imechemka, wanataka kwenda kuongea na mwenye mgahawa. Nikawatazama mikono, nikajua ni kuongea kwa namna gani. Mmoja akaniambia, kwa heshima lakini kwa uchungu, kwamba watu wanasema imamu amekula mahali pa kitimoto. Nikamjibu, "Mwanangu, nimekula samaki wa sufuria, na mke wangu ni shahidi. Lakini ninyi mkitaka kwenda, kesho asubuhi tutakwenda wote. Sharti langu moja. Hakuna atakayesema kitu isipokuwa kuuliza yale maswali manne."

Leo asubuhi tumekwenda. Meza zote tupu. Mwenye mgahawa ni mama, alichukua mkopo kufungua mahali pale, na tangu sauti ile ianze kuzunguka Waislamu hawaji, na baadhi ya Wakristo nao wanaogopa wakidhani kutatokea fujo. Vijana wangu wakauliza maswali yao. Mpishi akajibu yaleyale aliyonijibu mimi, hakuongeza wala hakupunguza. Nikaona mabega ya vijana yanashuka. Yule mmoja mwenye uchungu ndiye aliyemuuliza yule mama, "Sasa mama, tukusaidieje?"

Tumekubaliana hivi. Atanunua sahani sita za chuma mpya kwa ajili ya ng'ombe, kuku na samaki tu. Fundi wa kuchomelea atazitia alama ya mkato pembeni, maana rangi haikai kwenye moto, na vibao vyake vya mbao vitachongwa alama hiyohiyo. Kutakuwa na karai la pili, kisu cha pili, koleo la pili, na vitawekwa upande wake wa jiko. Kuku watachinjwa na kijana wetu wa msikitini, asubuhi, kwa malipo yake halali. Sikumpa cheti chochote, na msije mkasema imamu kapitisha. Vyeti vya halali vina utaratibu wake BAKWATA, na akitaka atafuata njia hiyo. Mpaka hayo yatakapotimia tukayaona kwa macho yetu, msimamo ni uleule niliowaeleza. Sizila pale tusile, chipsi tusile. Lakini kumsema mama wa watu kwamba anawalisha Waislamu nguruwe kwa siri, hilo nalo ni haramu, na halioshwi kwa udongo wala kwa maji. Linaoshwa kwa kumwomba radhi.

Kwa walioko Songea, Dar es Salaam, Mombasa na popote penye migahawa ya namna hii, chukueni maswali yale manne muwe nayo. Nani amechinja? Chombo kinatumika kwa nini kingine, na kinaoshwa au kinafutwa? Mafuta ya kukaangia ni ya nani na nani? Ndani ya mchuzi kuna nini? Uliza kabla ya kuagiza, si baada ya chakula kuja, maana hapo mpishi ameshapata hasara na wewe umeshapata hasira. Uliza kwa sauti ya chini. Anza na salamu. Ukijibiwa ukweli usioupenda, shukuru, agiza kingine au ondoka kwa amani. Mtume hakuwa akikitia aibu chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Na siku utakapoipata sizila ya halali, zingatia na haya. Bibi Asma binti Abu Bakr alipokuwa akipika tharidi alikuwa akiifunika mpaka mvuke mkali upungue, akasema amemsikia Mtume akieleza kwamba kufanya hivyo kuna baraka kubwa zaidi, kama alivyopokea Imam Ahmad. Sahani hii fahari yake ni mvuke, lakini baraka yako iko katika subira. Iache itulie. Usipulize, maana tumekatazwa kupuliza katika chakula. Wasogeze watoto mbali, chuma kile kinaendelea kuunguza hata moshi ukishaisha. Sema Bismillah, kata kwa mikono yote miwili ukitaka, lakini chakula kiingie kinywani kwa mkono wa kulia.

Na bei yake ni kubwa. Sahani moja tuliyoiona ni shilingi 20,000. Mtume ametufundisha kwamba chakula cha wawili kinawatosha watatu, basi agizeni moja mle wawili, na kinachobaki fungeni mpeleke nyumbani. Halafu tafadhali, ile simu. Moshi ukipanda kila mtu anarekodi na kuweka hadharani. Kuna mwenzako anaitazama video hiyo Januari, kahawa bado iko mtini, debe la mahindi limekwisha, na watoto wamemzunguka. Mtume alimuusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi aongeze maji na awakumbuke majirani zake. Sisi leo jirani hatumpi mchuzi, tunampa picha ya moshi.

Mwisho kabisa, ninyi mlionitumia ile sauti mara kumi na moja. Sitawataja, nawapenda, na najua wengi mlituma kwa nia ya kulinda dini. Lakini kila mmoja wenu ameituma pia kwa wengine. Kuifuta kwenye simu yako hakutoshi. Ulipopeleka ule, peleka na huu, kwa watu walewale, katika makundi yaleyale. Na aliyerekodi, kama anasoma hapa, mlango wangu uko wazi. Tutakwenda mimi na yeye kwa yule mama, wawili tu, hakuna atakayejua.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali iliyo nzuri na ututosheleze nayo. Zilinde ndimi zetu kama unavyoyalinda matumbo yetu. Wape amani watu wa mji huu, wa milimani na wa ziwani, Waislamu na wasio Waislamu. Warehemu wazazi wetu, na zijaalie meza zetu ziwe za kutuleta pamoja. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.